UZI: Kesi ya Timarchus, mwanasiasa wa Athens aliyezibwa mdomo kwa maisha yake ya ujana

Mleta mada:

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani Ugiriki ya kale hutajwa sana kama chimbuko la demokrasia. Mtu anataja Socrates, anataja kura, mada inafungwa. Mimi naomba leo tuingie mahakamani kwao, maana kule ndiko walikoonyesha walichokiamini kuhusu mwili, heshima na uongozi. Kesi ninayoileta ni ya Aeschines dhidi ya Timarchus. Hotuba ya mshtaki ipo mpaka leo, nzima, na nimeirudia mara nyingi kwa sababu naamini inasomwa kombo. Watu wanaikimbilia kwa ajili ya mambo ya chumbani, wakati kiini chake ni namna ya kumnyamazisha mtu anayekudai majibu.

Twende taratibu.

Mwaka 346 KK Athens ilikuwa imechoshwa na vita dhidi ya Mfalme Philip wa Makedonia. Wajumbe kumi walipelekwa kwake kutafuta amani. Wawili kati yao ni Aeschines, aliyewahi kuwa karani na mwigizaji wa tamthilia za majonzi, mwenye sauti iliyosifiwa hata na wabaya wake, na Demosthenes, msemaji ambaye jina lake wengi mnalijua. Amani ikapatikana, lakini ilikuwa chungu. Philip akawasambaratisha Wafokisi, washirika wa Athens, na mjini watu wakaanza kuulizana nani alikula rushwa.

Athens ilikuwa na utaratibu mzuri sana: kila aliyetumikia umma alilazimika kutoa hesabu ya utumishi wake mwisho wa kazi. Aeschines alipofikia hatua hiyo, Demosthenes akamvaa na shtaka la kuisaliti safari ya ujumbe. Akaja na mwenzake, Timarchus mwana wa Arizelus, mtu wa kata ya Sphettus, mwanasiasa mzoefu aliyekuwa mjumbe wa Baraza. Timarchus huyu ndiye aliyependekeza kwamba yeyote atakayepeleka silaha au vifaa vya merikebu kwa Philip auawe. Kwa hiyo msimamo wake ulijulikana.

Aeschines angeweza kusimama na kujibu: sikupokea kitu, hesabu yangu hii hapa. Hakufanya hivyo. Alitumia sheria nyingine kabisa na kumshtaki Timarchus kwanza, kwamba hana haki ya kusimama na kusema mbele ya wananchi.

Sheria yenyewe, kama Aeschines anavyoisomesha mahakamani, iliwafungia watu wa aina nne wasipande jukwaani. Aliyempiga baba au mama yake, au aliyewanyima chakula na makazi. Aliyekwepa vita au kutupa ngao. Aliyeuza mwili wake. Na aliyetapanya urithi wa wazazi. Ukiwa mmojawapo, ungeweza kuishi Athens kwa amani ukinyamaza. Balaa ni pale utakapofungua mdomo mkutanoni. Hapo raia yeyote anaweza kukuburuta kwenye uchunguzi, na ukishindwa unapoteza haki zako za uraia.

Sababu ya kifungu cha tatu Aeschines anaieleza waziwazi: aliyeuza mwili wake ili wengine waufanyie watakavyo, huyo hatashindwa kuuza maslahi ya mji. Msimamo wote wa mshtaki unaning'inia kwenye sentensi hiyo, na naomba muishike.

Nitaendelea baada ya chakula.

Mchangiaji:

Mkuu umeanza vizuri. Ila mimi nilisoma kwamba Wagiriki mapenzi ya mwanaume kwa mwanaume lilikuwa jambo la kawaida kwao. Sasa kosa liko wapi?

Mleta mada:

Swali zuri sana mkuu, na ndilo linalowachanganya wengi.

Aeschines mwenyewe hakulaani mapenzi hayo. Anasimama mbele ya mahakama na kukiri kwamba naye ni mtu wa mapenzi, kwamba amewahi kugombana na watu kwa ajili hiyo, na kwamba mashairi ya mahaba yanayosemwa ni yake, baadhi ni yake kweli. Anamsifu Achilles na Patroclus wa kwenye tenzi za Homer. Anawataja Harmodius na Aristogeiton, wapenzi wawili waliohesabiwa mashujaa wa Athens kwa kuinuka dhidi ya watawala wa mabavu. Kwake yeye, kumpenda kijana mwema kwa staha ni jambo la mtu muungwana.

Mstari aliouchora ulipita kwenye malipo. Mtu huru aliyetoka kwa huyu akaenda kwa yule akilishwa, akivishwa na kulipiwa starehe, huyo kwa maelezo yake amejigeuza bidhaa. Sheria ilitofautisha mtu aliyewekwa na mmoja na mtu anayejiuza kwa yeyote, lakini zote mbili zilimwondoa jukwaani. Msisahau pia kwamba ukahaba wenyewe haukuwa marufuku. Baraza liliuza kila mwaka haki ya kukusanya kodi ya makahaba! Mji ulichukua fedha yao bila kusita. Kilichokatazwa ni raia mwanaume kufanya kazi hiyo halafu aje kuongoza.

Kwa hiyo ukija na mizani yetu ya leo, iwe ya dini au ya haki za binadamu, huwezi kuipima kesi hii sawasawa. Mahakama haikuulizwa kama Timarchus ametenda dhambi. Iliulizwa kama amejiuza.

Sasa tuone mahakama ilivyokuwa. Hakukuwa na jaji mwenye wigi wala mwendesha mashtaka wa serikali. Kila mwaka wananchi 6,000 wenye umri wa kuanzia miaka 30 walichaguliwa kwa kura ya bahati, na kutoka humo wakapangiwa kesi. Kesi ya umma kama hii ilisikilizwa na waamuzi 501 au zaidi, kila mmoja akilipwa oboli 3 kwa siku (oboli ni sarafu ndogo, sita zilifanya drakma moja). Muda ulipimwa kwa chungu cha maji chenye tundu. Mshtaki anasema mwenyewe, mshtakiwa anajibu mwenyewe, kisha kura za siri zinapigwa siku hiyohiyo bila waamuzi kukaa faragha kujadiliana. Hakuna wa kusimama kumkatiza mtu na kusema "pingamizi, huo ni uvumi." Ukikumbuka kwamba Aeschines alikuwa mwigizaji, unaona alikuwa amefika nyumbani kwao.

Alianza kwa kujifanya mtu wa haya. Anawaomba radhi waamuzi, hataki kutamka neno chafu, ila akilazimika wamsamehe. Halafu anamwaga kila kitu. Timarchus akiwa kijana, anasema, alikaa bandarini Piraeus kwenye nyumba ya tabibu mmoja, Euthydicus, akijidai anajifunza utabibu. Akachukuliwa na Misgolas, mtu wa heshima zake lakini aliyependa kuzungukwa na waimbaji na wapiga kinubi. Kisha Anticles. Kisha Pittalacus. Kisha Hegesandrus, aliyerudi kutoka Hellespont na fedha nyingi baada ya kuwa mtunza hazina wa jenerali Timomachus.

Pittalacus hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndiye mtu ninayemwonea huruma kuliko wote kwenye hotuba hii. Alikuwa mtumwa wa mji, lakini mwenye fedha, na nyumbani kwake watu walicheza kamari na kupiganisha majogoo na kware. Timarchus alipomwacha na kwenda kwa Hegesandrus, Pittalacus akawa anawasumbua kwa wivu. Usiku mmoja wakiwa wamelewa, Hegesandrus, Timarchus na wenzao wakavunja na kuingia. Wakavunja vifaa vya kamari na kuvitupa njiani, wakawaua kware na majogoo wake, mwisho wakamfunga kwenye nguzo na kumchapa mijeledi mpaka majirani wakasikia kilio. Asubuhi yake Pittalacus akaenda uchi mpaka sokoni na kukaa kwenye madhabahu ya Mama wa Miungu. Umati ukakimbilia pale. Waliompiga wakaingiwa na hofu kwamba mji mzima utajua, wakaja kumbembeleza, wakamwahidi atapata haki yake. Akainuka. Hakupata chochote. Alipofungua kesi, Hegesandrus akadai kwamba Pittalacus ni mtumwa wake binafsi.

Aeschines anaisimulia habari hiyo kwa ajili ya kumchafua Timarchus tu. Pittalacus mwenyewe hakuwa na maana kwake. Lakini kwangu, kama kuna uhalifu wa kweli kwenye hotuba nzima, ni ule.

Mchangiaji wa pili:

Mzee hii imenigusa. Lakini ushahidi ulikuwepo? Maana mambo ya chumbani nani anayashuhudia?

Mleta mada:

Hapo ndugu yangu ndipo nilipotaka tufike.

Ushahidi wa kujiuza ulikuwa mwembamba mno. Aeschines aliandika tamko ili Misgolas alithibitishe, na anakiri kwamba ameliandika kwa lugha laini, bila kulitaja tendo lenyewe kwa jina lake, ili mtu asijione anajiingiza hatarini kwa kuukubali ukweli. Anatabiri kwamba Misgolas akikataa kufika atakuwa radhi kulipa faini ya drakma 1,000 kuliko kuonyesha uso wake. Hakuna mkataba, hakuna aliyesema "nilimlipa kiasi hiki." Demosthenes, kwa maneno ya Aeschines mwenyewe, alipanga kumtetea Timarchus hapohapo: kama Timarchus alikuwa kahaba, leteni wakusanya kodi waseme kama aliwahi kuilipa. Ni hoja nzito, na Aeschines anaijibu kwa kejeli.

Badala ya shahidi, akamwita mungu. Wagiriki walikuwa na madhabahu ya Uvumi, na Aeschines anasema uvumi hautokei bure, hutembea wenyewe mjini na kutangaza matendo ya mtu. Akasoma mistari ya washairi Hesiod na Euripides kuutilia nguvu. Akakumbusha sikukuu ya Dionysus kule Collytus, mwigizaji mmoja alipotamka maneno kuhusu makahaba "wa Ki-Timarchus" na kila mtu akajua anasemwa nani.

Tukio lenye uzito kuliko yote kwake ni la mkutanoni. Timarchus alikuwa ametoa pendekezo kuhusu nyumba za eneo la kilima cha Pnyx, na Baraza la Areopagus, baraza jingine la kale na la heshima kubwa mjini, likaja kutoa maoni. Autolycus, mzee anayeheshimika, akasema bila nia mbaya kwamba Timarchus analijua eneo lile tulivu kuliko wao. Watu wakaangua kicheko. Kila neno lililofuata, gharama ndogo, kisima, likageuzwa maana na vicheko vikazidi. Pyrrandrus akainuka kuwakemea, hawaoni haya kucheka mbele ya Areopagus? Wakamjibu kwamba wanajua si vizuri, ila ukweli una nguvu kuwashinda.

Kicheko hicho ndicho Aeschines anachokileta mahakamani kama ushahidi: ninyi mliocheka, leo mtasemaje hamjui?

Mnaona mtego? Anawaambia waamuzi kwamba wakimwachia Timarchus watakuwa wamejikana wenyewe.

Sasa linganisheni na sehemu ya urithi. Hapo mambo yanabadilika kabisa, hotuba inakuwa kama daftari la mirathi. Nyumba iliyo nyuma ya Acropolis aliiuza kwa Nausicrates, mtunzi wa vichekesho, ambaye baadaye alimuuzia Cleaenetus kwa mina 20 (mina moja ni drakma 100). Shamba la Sphettus likaenda kwa Mnesitheus. Kulikuwa na watumwa mafundi viatu tisa au kumi, kila mmoja akileta oboli 2 kwa siku na msimamizi wao oboli 3, sawa na posho ya mwamuzi aliyeketi akisikiliza. Kulikuwa na mwanamke hodari wa kufuma kitani. Vyote vikaisha. Kipande cha ardhi kule Alopece, mwendo wa kama kilomita mbili kutoka ukutani, mama yake alimsihi asikiuze, angalau amwachie mahali pa kuzikwa. Akakiuza. Na baba yake mdogo Arignotus, mzee kipofu, alipokwenda Barazani kuomba posho ya wasiojiweza, Timarchus akiwa mjumbe alikaa kimya mpaka mzee akaikosa posho yake.

Majina, bei, viwanja, ndugu wa kuulizwa. Na kutapanya urithi peke yake kulitosha kumwondoa mtu jukwaani, ni kifungu cha nne cha sheria ileile! Lakini habari hiyo yote inachukua vifungu 12 hivi vya hotuba yenye vifungu 196. Habari za mwili zinachukua zaidi ya vifungu 50, kabla hata ya kurudiwa mwishoni.

Ndiyo maana nasema inasomwa kombo. Mahali penye ushahidi alipita haraka. Mahali pasipo na ushahidi alijenga kambi, kwa kuwa alijua umati haucheki kwa habari ya shamba lililouzwa. Mimi naamini Timarchus alifuja mali kweli, na kumnyima mama kaburi ni jambo zito kuliko lolote alilolifanya na Misgolas. Lakini mama yule anapata mistari michache tu.

Mchangiaji:

Kwa hiyo mkuu unamtetea Timarchus? Kiongozi lazima awe na maadili. Mtu akishindwa kujiongoza mwenyewe atatuongozaje?

Mleta mada:

Hapana mkuu, simtetei, na hoja yako nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Aeschines naye ana mfano mzuri wa hoja hiyo. Anasimulia kwamba Sparta alisimama mtu mwenye maisha ya aibu lakini msemaji hodari, watu wakataka kupitisha shauri lake. Mzee mmoja akawakemea, kisha akamwita mtu mwadilifu asiyejua kusema vizuri na kumwambia alirudie shauri lilelile, ili watu wazuri wasipokee neno kutoka kinywa kibaya. Ni kisa cha kufikirisha. Shauri halikubadilika, kilichobadilishwa ni mdomo.

Ninachokikataa ni maadili kutumika kama komeo. Timarchus alikuwa na swali: ulipewa nini kwa Philip? Swali hilo halikujibiwa siku ile. Waamuzi wakamhukumu, akapoteza haki zake, na mshtaki mmoja wa Aeschines akawa amefutika. Ilibidi isubiriwe mpaka 343 KK ndipo Demosthenes alipoifikisha kesi ya ujumbe mahakamani, na Aeschines akaachiwa kwa tofauti ndogo ya kura.

Angalieni pia nani hakuguswa. Misgolas aliyelipa, Hegesandrus aliyemchapa Pittalacus, hao heshima yao ilibaki. Mnunuzi hakuwa na kesi.

Mchangiaji wa pili:

Na wanawake je? Naona humu wanaume tu.

Mleta mada:

Wanawake hawakuwa na jukwaa la kufungiwa, kwa hiyo wao walishambuliwa kupitia uraia. Kesi ya kutazama ni ya Neaira, miaka michache tu baada ya hii. Alilelewa Corinth tangu utotoni na mwanamke aliyeitwa Nicarete ili aje kuuzwa kimwili, akanunuliwa na wanaume wawili kwa mina 30, baadaye akapata uhuru wake kwa mina 20 na kuishi Athens na Stephanus. Apollodorus, akishirikiana na shemeji yake, alimburuta kwa kujifanya mke halali ilhali ni mgeni. Na hakuficha sababu: Stephanus alikuwa hasimu wake mahakamani, na yeye na shemeji yake walikuja kulipiza kisasi. Neaira wakati huo alikuwa mama mtu mzima, na maisha yake yote yakaanikwa mbele ya mamia ya wanaume ili mwanaume mwingine aumizwe. Yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kusema neno.

Nimalizie la Demosthenes, maana kuna ambao wataniuliza kama yeye alikuwa bora. Kwenye kesi ya Timarchus, Aeschines alikuwa ameisifu sanamu ya Solon, mtunga sheria wa kale wa Athens, iliyokuwa sokoni Salamis, mkono ukiwa ndani ya vazi, kuonyesha jinsi wazee walivyosema kwa staha, tofauti na Timarchus aliyelivua joho lake mkutanoni na kurukaruka kama mpiganaji. Kwenye kesi ile ya 343 KK Demosthenes akamjibu: watu wa Salamis wanasema sanamu hiyo haijafikisha miaka 50, na Solon aliishi kama miaka 240 iliyopita, aliyeichonga hakumwona, wala babu yake hakumwona. Jibu safi, la ushahidi.

Lakini mwaka 330 KK, kwenye kesi yao ya mwisho, ambayo mshtaki alikuwa Aeschines, Demosthenes huyohuyo alipotaka kummaliza Aeschines alimgeukia mama yake, Glaucothea, akadokeza mbele ya mahakama kwamba alikuwa akifanya "ndoa za mchana" kibandani. Bila shahidi hata mmoja. Waamuzi hawakumpa Aeschines hata sehemu moja ya tano ya kura. Kwa sheria yao mshtaki aliyeshindwa namna hiyo alitozwa drakma 1,000 na kupoteza haki ya kufungua kesi za aina hiyo tena. Aeschines akaondoka Athens, na hakurudi kusema jukwaani.